Meno Manne ya Mbele

Jumatatu, 17 Machi
Naandika kwa sababu siwezi kuongea. Miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiamka saa kumi alfajiri kwenda redioni kuwaambia wakulima wa bonde hili habari za mvua, viazi na viwavi, na leo kipindi changu, Jembe la Asubuhi, kimeanza bila mimi.

Jana nilikuwa Elburgon kwa kaka yangu Gachanja. Tulikuwa tunampa mtamba dawa ya minyoo. Mimi nilishika kamba, yeye chupa. Mtamba alirusha kichwa juu mara moja tu, nikasikia kitu kama kijiti kikavu kikivunjika. Meno mawili ya mbele ya juu yalianguka kwenye tope. Mawili ya kando yake yalikatikia kwenye ufizi. Gachanja aliyaokota yale mawili, akayaosha kwa maji ya mfereji na kuyafunga kwenye kitambaa. "Tutaenda nayo," akasema.

Jumanne, 18 Machi
Tabby amenipeleka kliniki. Tabby ni fundi wa mitambo wa kipindi changu. Kwa miaka tisa ameketi upande wa pili wa kioo akinipa ishara kwa vidole, na nje ya kazi ni mdogo wangu, ingawa hatukuzaliwa pamoja. Pale mapokezi yeye ndiye alinisemea.

Daktari Owino ni mtu mkubwa mwenye sauti ya chini. Kwanza aliuliza yako wapi meno yaliyoanguka, nikampa kitambaa.

"Haya mngeyaweka kwa maziwa, mnifikie ndani ya saa moja, pengine ningeyarudisha," akasema.

Maziwa! Tulikuwa na ndoo nzima hatua tatu kutoka pale.

Kisha akachukua karatasi akaanza kuchora. Naweza kuvaa meno ya bandia ya kuvua na kurudisha. Au naweza kuwekewa implanti, yaani skrubu ndogo inayozamishwa kwenye mfupa wa taya, mfupa unaikumbatia kama mzizi, na jino linafungwa juu yake. Kwa meno manne, skrubu mbili zinatosha, huku na huku, na meno yenyewe yanashikana kama daraja. Skrubu zenyewe ni za namna mbili. Kuna ya titani, chuma ambacho wamekitumia miaka mingi. Kuna nyeupe ya kauri, haionekani hata kama ufizi ni mwembamba, lakini ikiingia vibaya kidogo ni vigumu kurekebisha.

"Hiyo ya chuma au kauri tutaongea baadaye," akasema. "Kubwa ni njia gani unataka. Ya haraka, nang'oa hivi vipande vilivyobaki na kuweka skrubu siku hiyo hiyo, na meno ya muda juu yake. Wiki tatu hivi uko kazini. Lakini miezi mitatu hugusi kitu kigumu, na kuna hatari kidogo ya skrubu kukataa kushika. Ya polepole, nang'oa, naweka unga wa mfupa, tunangoja miezi minne, ndio niweke skrubu, tunangoja tena. Hiyo itakula mwaka wako. Ina uhakika zaidi."

Niliandika kwenye karatasi yake: MFUPA WANGU?

"Mfupa wako ni mzuri. Njia zote mbili zinakufaa. Amua, uniambie Ijumaa."

Bei sitaiandika hapa. Tabby alinakili kila kitu kwenye daftari lake, mpaka mchoro.

Jumatano, 19 Machi
Nimejaribu kusema "viazi" mbele ya kioo. Imetoka "hiazi". Nimejaribu "thelathini" nikaacha.

Ijumaa, 21 Machi
Usiku kucha nilikuwa nimeamua: ya haraka. Wiki tatu ninaweza kuvumilia. Tabby alikuja saa mbili na uji kwenye thamosi. Kulikuwa na mrija kwenye kikombe. Aliukumbuka akautoa mwenyewe, kwa sababu daktari alikataza kufyonza. Ndivyo anavyonitunza.

Nilimwandikia uamuzi wangu. Alivuta kiti karibu.

"Dada, sikutaka kukuambia hii. Tata yangu wa Ndabibi, shangazi yangu Mama Kamande, alifanyiwa hiyo ya haraka hapo hapo Nakuru. Mwezi wa tatu anakula githeri ya mahindi magumu, skrubu ikatoka na jino likiwa juu. Mfupa ukaoza. Saa hii ni uji asubuhi, uji jioni. Haendi hata kanisani."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Akanishika mkono.

"Kazi iko tu. Mimi nitakushikia. Chukua ile ya polepole, upone vizuri."

Nilimwambia daktari: polepole.

Alhamisi, 27 Machi
Vipande vimeng'olewa, unga wa mfupa umewekwa, nyuzi tano. Mvua ya kwanza imenyesha nikiwa nimelala kitini na mdomo wazi. Niliisikia kwenye mabati na sikuweza kumwambia mtu kwamba imechelewa siku nne.

Jumatatu, 31 Machi
Leo Tabby ameanza rasmi kusoma kipindi, kwa muda. Ametetemeka mwanzoni. Akasema "fungusi" badala ya dawa ya kuua fungusi, na mkulima akapiga simu kuuliza kama wanashauriwa kunyunyizia ugonjwa. Nilicheka mpaka nyuzi zikaniuma. Nikamtumia ujumbe wa kusahihisha. Akajibu: "Asante mwalimu wangu."

Jumamosi, 12 Aprili
Mvua. Uji. Mvua.

Alhamisi, 17 Aprili
Nimepewa meno ya bandia ya muda, ya kuvaa na kuvua, huku tukingoja mfupa. Yanapendeza. Ukiniona kanisani huwezi kujua. Lakini ulimi haujazoea, na ile "s" inatoka na hewa.

Jumatano, 23 Aprili
Nimesoma gazeti kwa sauti ukurasa mzima. Nimesikia hewa kidogo tu kwenye "s" na "z". Nimemwambia Tabby nataka kurudi.

"Sawa kabisa," akasema. "Lakini njoo kwanza tukurekodi, usikie vile watu watasikia. Ni vizuri ujue mwenyewe."

Tulirekodi adhuhuri, stesheni ikiwa kimya. Nilisoma taarifa ya hali ya hewa. Kisha akanivisha vipokea sauti na kunichezea.

Sijui nieleze vipi. Kila "s" ilikuwa filimbi ya refa. "Sehemu za Subukia na Solai" ilitoboa masikio. Nilivua vile vitu nikaviweka mezani.

"Pole," akasema Tabby. "Unaona sasa. Ngoja tu yawe sawa, dada. Watu wanakupenda, usiwape nafasi ya kukucheka."

Nimerudi nyumbani, nimevua meno na kuyatia kwenye glasi ya maji.

Alhamisi, 24 Aprili
Sikutoka.

Ijumaa, 25 Aprili
Sikutoka.

Jumapili, 11 Mei
Gachanja alipiga simu. "Hiyo redio yenu imekuwa namna gani? Huyo msichana anaongea vizuri, lakini hata siku moja hajasema uko wapi. Watu wa huku wananiuliza kama ulifutwa." Nilimwambia aache fitina. Nilimkasirikia siku nzima.

Jumatatu, 19 Mei
Tabby ni mzuri sasa. Lazima niandike ukweli. Anajua kusubiri kabla ya kumjibu mkulima. Leo ameingia hewani na wimbo mpya wa kufungulia kipindi. Ule wa zamani nilichagua mimi.

Alhamisi, 5 Juni
Mvua imeanza kupungua. Mkubwa wetu, Bwana Kibii, amenitumia ujumbe, wa kwanza tangu Machi: Je, ninaweza kwenda Ndabibi kurekodi wakulima wa mahindi kuhusu viwavi? Sauti zao tu, yangu si lazima. Hiyo "si lazima" nimeisoma mara nyingi. Nimekubali.

Jumanne, 10 Juni
Nitaandika kwa mpangilio, ingawa mkono unataka kuruka mbele.

Nilifika Ndabibi saa nne. Mahindi yamefika kiunoni, viwavi wamekula mioyo ya mimea. Nilirekodi wakulima watatu kwa kile kirekodi kidogo cha stesheni. Wa tatu hakuwa anasikia vizuri, kwa hiyo ilibidi niulize maswali kwa nguvu. Tulipomaliza, nilirudisha nyuma kuhakikisha tumeshika. Nikasikia sauti yangu.

Ilikuwa sauti yangu. Kulikuwa na hewa kidogo kwenye "s", kama mtu mwenye mafua. Nilirudia. Nikasogea mbali na upepo, nikasema kwa makusudi, "Sehemu za Subukia na Solai." Hakukuwa na filimbi yoyote.

Niliambiwa mkulima wa mwisho yuko ng'ambo ya barabara. Nilimkuta jikoni, mama wa miaka sitini na kitu, mrefu, amefunga leso kichwani. Alikuwa akichoma mahindi ya kwanza kutoka sehemu yake ya kumwagilia maji. Akanipa moja, akachukua lake, akaling'ata. Aling'ata kama mtu anayekata mbao, kwa meno ya mbele, safu kwa safu.

"Kula, mama. Uko na meno au huna?" akacheka, akielekeza kwenye mdomo wangu. Nafikiri aliona nilivyokula kwa pembeni.

"Ni ya kuvaa," nikasema. "Yangu yaling'olewa na mtamba."

"Haya yangu manne ni ya skrubu! Niliwekewa Nakuru, na ya muda siku hiyo hiyo. Sasa ni mwaka wa tatu. Hata mfupa wa mbuzi nauma."

Nikauliza jina lake kwa ajili ya kipindi.

"Andika Mama Kamande. Wewe si ni wa hiyo redio ya Tabby wangu? Tabby ni mtoto wa ndugu yangu. Yeye ndiye alinisindikiza kwa daktari. Alikaa na mimi mpaka ganzi ikaisha."

Sikumbuki nilisema nini. Mahindi yalikuwa bado mkononi mwangu nilipofika barabarani.

Jumatano, 11 Juni
Sijalala vizuri. Natafuta sababu za kumtetea. Labda ana tata wawili. Labda alichanganya hadithi. Mtu hawezi kuchanganya hadithi aliyokalia mpaka ganzi ikaisha.

Alhamisi, 12 Juni
Nilikwenda kwa Bwana Kibii na kirekodi. Nilimchezea. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Si uko sawa?" akasema. "Mbona ulikataa kurudi?"

"Nilikataa lini?"

"Tabby aliniambia Aprili. Hutaki kusikika mpaka meno yawe kamili, na hutaki tukupigie kwa sababu inakuumiza. Mimi nilikuheshimu, Rahab. Nilisema tukuache."

Nilimuuliza kama rekodi ya Aprili bado iko kwenye kompyuta. Kigen, mvulana wa mitambo ya mchana, aliitafuta. Kulikuwa na mbili za tarehe hiyo. Ya kwanza nilikuwa mimi, na hewa kidogo. Ya pili ilikuwa ile ya filimbi. Kigen aliangalia kioo cha kompyuta akakunja uso.

"Hii mtu amepandisha sauti za juu, mathe. Amepandisha sana. Kwa nini mtu afanye hivi?"

Kwa hiyo Tabby alirekodi, akasema "subiri kidogo ifunguke", na nikiwa nimeketi karibu yake, nikisubiri, alisukuma kitufe cha sauti za juu. Nilikuwa nimemwekea mkono begani. Nakumbuka.

Jumamosi, 14 Juni
Nimekwenda kwake Bondeni. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua minji, yaani njegere, kwenye sufuria. Aliponiona nimesimama bila kupiga hodi, akajua.

Niliketi. Nilisema, "Nimekula mahindi na tata yako."

Aliendelea kuchambua minji, tatu, nne. Halafu akaacha.

"Ana meno mazuri," nikasema.

"Ndiyo."

"Na ile rekodi?"

"Nilipandisha ile ya juu kidogo."

"Kidogo?"

"Sana." Akajifuta mikono kwa leso. "Dada, nikuambie ukweli? Hiyo Ijumaa nilikuwa nimekuja kukupa uji tu. Uliponiandikia wiki tatu, nikaona vile itakuwa. Wiki tatu, halafu narudi nyuma ya kioo mpaka nizeeke. Maneno yakatoka yenyewe. Na ukishasema uongo kama huo, lazima uulishe kila siku."

"Ungeniambia unataka kusoma."

"Nilikuambia. Mara mbili. Ya kwanza nilikuomba tu hali ya hewa, dakika mbili. Ulisema sauti yangu ni ya jikoni. Ukacheka, na wageni walikuwa pale, wakacheka."

Nilifungua mdomo kukana, na nikakumbuka. Nilikuwa nimesema hivyo. Nilikuwa nimevaa koti la kijani na nilikuwa na haraka. Lilikuwa neno la mzaha kwangu. Lilikuwa limekaa kwake miaka minne.

"Kwa hilo nakuomba msamaha," nikasema. Na nilimaanisha. "Lakini kiti ni cha stesheni, Tabby. Ungeking'ang'ania, tungegombana, mmoja angeshinda. Mdomo ni wangu. Ulikaa pale kliniki ukaandika maneno yote ya daktari. Ulijua hofu yangu iko wapi ukaigusa hapo hapo."

Alianza kulia. Machi angelia hivyo ningemshika. Niliangalia yale machozi na sikujua ni ya aina gani, kwa sababu yanafanana kabisa na yale ya siku ya uji. Hilo ndilo ameniharibia. Sijui tena kumsoma.

Niliondoka. Hakunisindikiza hadi langoni, naye hunisindikiza kila siku.

Jumatatu, 23 Juni
Bwana Kibii amemhamishia Tabby kwenye kipindi cha mchana. Aliniuliza kama nataka afutwe. Nilisema hapana, yeye ni msomaji mzuri. Nimejishangaa. Huruma haikuwemo hata kidogo. Ni ukweli tu, na nimechoka na uongo.

Jumatatu, 14 Julai
Leo nimerudi hewani, na meno ya kuvaa, na hewa yangu kwenye "s". Simu ya kwanza ilikuwa mzee wa Molo. "Rahab! Sisi tulikuwa tumeshakuzika huku!" Nikamwambia ni mtamba, si kifo, na nikaeleza kila kitu kuhusu meno, hata maziwa: jino likianguka zima, lioshe kidogo, litie kwa maziwa, kimbia. Simu hazikukatika. Wanawake wawili waliuliza kuhusu skrubu. Katikati ya kipindi niliinua macho kwenye kioo kutafuta kidole cha kuniambia dakika ngapi zimebaki. Alikuwa Kigen. Anatumia saa, si vidole.

Tabby nilipishana naye kwenye korido. Alisema, "Habari ya asubuhi." Nikasema, "Nzuri." Tulisogea ukutani kila mtu upande wake, kama watu wanaopishana na ndoo za maji.

Ijumaa, 18 Julai
Kwa daktari Owino, kuangalia mfupa. Umejaa vizuri. Nilimuuliza swali ambalo nimelibeba tangu Juni: Je, nilikosea kuchagua ya polepole?

"Hapana. Zote zingefaa, lakini kama ni mdomo wangu ningechagua hii. Nani alikushauri?"

Nikasema, "Mtu wa kazini."

"Alikushauri vizuri."

Nimetembea mjini bila kujua ninakwenda wapi. Ingekuwa rahisi kama ningekuwa nimeharibika. Ningeonyesha watu: oneni alivyonifanya. Lakini alinidanganya na bado akanifikisha mahali pazuri, kwa hiyo sina jeraha la kuonyesha mtu.

Jioni nimechagua skrubu, peke yangu. Nimesoma mwenyewe, nimeuliza mwenyewe. Ni za titani. Ufizi wangu si mwembamba, hazitaonekana. Na kama zingeonekana, ziache zionekane.

Alhamisi, 31 Julai
Zimeingia. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kichwa ni kizito.

Kabla ya kuanza nilipewa fomu. Jina, umri, mzio wa dawa. Halafu: mtu wa karibu wa kupigiwa simu. Sikuwa nimefikiri. Kalamu iliandika yenyewe sifuri, saba, mbili mbili, ikafika nusu ndipo nikaona ni nambari ya nani. Ndiyo nambari pekee ninayoijua kwa moyo ukiacha yangu. Nimeikata kwa mstari mmoja, halafu mwingine, mpaka karatasi ikatoboka. Nesi akauliza kama nataka fomu mpya. Nikasema hapana. Nilitoa simu kutafuta nambari ya Gachanja, kaka yangu wa tumbo moja, na ilibidi niinakili tarakimu baada ya tarakimu kama ya mgeni.

Skrubu yenyewe haiumi. Unasikia taya zima likitetemeka mpaka masikioni, kama mtu anachimba kisima mbali. Daktari alinihesabia, ya kwanza, ya pili. "Zimeshika," akasema. Baada ya miezi mitatu, minne, atafunga meno yenyewe.

Nilipofungua macho Gachanja alikuwa pale. Alitoka moja kwa moja kwenye kiwanda cha mbao anakofanya kazi, vumbi la mbao kwenye nyusi. Amebeba mfuko wangu kwa mikono miwili mpaka nyumbani, akapika uji ukawa na madonge, na nimeunywa wote.

Jumamosi, 2 Agosti
Kumepambazuka bila mvua. Tabby amenitumia ujumbe saa moja: "Nimesikia zimeshika. Nimefurahi kweli dada." Nimeusoma mara nne. Mdomo umevimba, siwezi kusema hata neno, lakini vidole havina shida yoyote. Ningetaka kujibu, ningeweza.